Mawe ya Ukoo Juu ya Tangi la Mama

Mabira, Kyerwa
21 Julai, 2024

Mpendwa kaka Jovin,

Shikamoo. Habari za Dodoma, na kile kifua chako kinaendeleaje? Sisi wazima, kahawa ndiyo tunaanika. Mama anakusalimu, ila mguu bado unamsumbua.

Kaka, nina hasira. Zile nyuzi za plastiki ulizotuma kwa ajili ya zege la mfuniko wa tangi la maji zilifika salama, na fundi Ambrose alizichanganya kama ulivyoelekeza. Balaa lilikuwa kwenye mawe. Baba mdogo Kashaija alitangaza kwamba kokoto za kununua ni dharau, eti maji ya shemeji yake hayawezi kufunikwa kwa mawe ya wageni. Kila nyumba ikaleta kapu la mawe ya kibanja chake. Waitu, mawe gani yale! Mengine mekundu, unayavunja kwa vidole. Mengine ya mtoni, laini kama mayai, saruji haina pa kushika. Fundi alilalamika, lakini nani angerudisha kapu la ndugu?

Jumanne Mama alipanda juu ya mfuniko kuanika kahawa. Ukapasuka chini ya miguu yake, ukingo hadi ukingo. Hakutumbukia kwa sababu nyuzi zako zilishikilia vipande mpaka nikamvuta. Ningekuwa shambani, leo ningekuandikia mengine.

Na unajua Baba mdogo kasema nini? "Hizo nyuzi ni za kushonea magunia, ndizo zimeharibu!" Mbele ya watu! Kilichomwokoa Mama ndicho kinatukanwa. Nyuzi zinashika zege, haziwezi kugeuza jiwe bovu kuwa zima. Nilimwambia hivyo, akaniita mtoto.

Jana akawaita watu tena na makapu yaleyale. Nikadhani Mama atayakubali tu kama kawaida yake, kumbe sivyo. Alipokea kila kapu kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaelekeza mawe yamwagwe kwenye njia ya chooni. La Baba mdogo pia.

Kokoto za jiwe gumu, za kupondwa, zinakuja keshokutwa kutoka Rugu. Tuma nyuzi nyingine kabla ya mvua za Septemba, maana Mama bado anateremka bondeni na ndoo, na mguu ule.

Msalimie wifi Sperancia na watoto. Bibi Nyirabageni anakuombea kila jioni, na Mungu amsikie. Mama anasema nikuambie kwamba mawe ya ukoo yamepata kazi, sasa anataka mfuniko utakaombeba.

Mdogo wako akupendaye, hata akiwa amenuna,
Renatha