Sahani ya Mwisho ya Afisa Mteule Bundala

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, na mkeo Milembe hupakua ugali hapa Kasoli, huwapa watoto, huwapa wageni, kisha hubaki na sahani yako ya bati mkononi, haina mwenyewe. Baba Kwandu, bado anaipakua. Ndugu zako wanasema aache. Hataacha, na sisi wanao tuko nyuma yake.

Uliondoka hapa kijana wa kuchunga ng'ombe, ukarudi Afisa Mteule Januarius Bundala, mwenye mvi. Buti zako ziling'aa hata siku ya kwenda kupalilia pamba. Uwanja ulikuwa unaufagia mwenyewe, na majirani wakikucheka unawapigia saluti na ufagio begani. Hukuwahi kumtukana mtu. Ulisema askari akitukanwa asubuhi, siku yake nzima imeharibika, na ya aliyemtukana pia.

Wapo wanaosema ulifukuzwa jeshini. Tumechoka kulisikia hilo mnadani, kwa hiyo leo tunalisema mbele ya watu wote jinsi lilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Kagera, nchi imeishiwa, hata sabuni haionekani. Kambi uliyopelekwa ilikuwa imekata tamaa. Askari wanakuja kwenye gwaride na kombati zilizochanika, amri wanaitikia kwa uvivu. Maofisa walikuwa wanatangulia kula, na kilichobaki ndicho cha askari. Wewe ukasimama kwenye masufuria ukaipanga foleni upya: kuruta mbele, wenye vyeo nyuma, mkubwa wa wote mwisho kabisa.

Akaja Kapteni Novatus, mkuu mpya wa kombania, na sahani yake, moja kwa moja mbele. Ukampigia saluti safi.

“Nafasi yako ni kule mwisho, afande.”

“Unajua unaongea na nani?”

“Naongea na mkuu wangu, afande. Ndiyo maana nakuonyesha nafasi ya mkuu.”

Loo! Wapishi waliacha kukoroga. Kapteni alikutazama, akawatazama askari, akaenda nyuma. Zamu yake ilipofika alikuta mchuzi mtupu na maharage ya kuhesabu.

“Hivi ndivyo wanavyokula kila siku?” akauliza.

Kesho yake alikwenda stoo mwenyewe, akakuta magunia yanatokea mlango wa nyuma kwenda sokoni. Akaufunga mlango ule. Askari wakashiba, na waliposhiba wakazishona kombati zao bila kuamriwa na mtu. Hata nyimbo za mchakamchaka zilirudi, na zile za utani juu yako ndizo zilizoimbwa kwa sauti kubwa kuliko zote.

Waliokuwa wanakula kupitia mlango ule hawakukusamehe. Haukupita muda ukaambiwa umri wako wa kustaafu umefika. Umri gani, wakati vijana walikuwa hawakupati kwenye mbio? Ulikubali, ukapanda basi la Bariadi na begi moja na sahani yako ya bati. Kama huko ndiko kufukuzwa, basi sisi tunajivunia kuwa familia ya mtu aliyefukuzwa.

Nyumbani nako hukubadilika. Milembe alikuletea chakula kwenye kikao cha wanaume, kama desturi yetu ilivyo, ukakirudisha jikoni. Watoto kwanza, ukasema, halafu akina mama, mimi mwisho. Kaka yako Bujiku, mkubwa wa ukoo, alicheka hadi akashika mbavu.

“Jeshi limekuharibu, mdogo wangu! Mwanamume mzima unasubiri ukoko?”

“Kaka, nikila wa kwanza nitajuaje kama kimetosha?”

Milembe alidhani utachoka. Kisha ukaja ule mwaka wa jua, pamba ikakaukia kwenye maua. Siku moja sahani yako ilifika kwenye sufuria ikakuta chini peupe. Asubuhi ulikwenda zizini ukalitoa lile dume la madoa, ulilokuwa ukilisifia kwa kila mgeni, ukalipeleka mnadani na kurudi na mahindi. Kwenye maboma mengine wanaume waliokula wa kwanza waligundua njaa imeingia wakati watoto wameshavimba miguu. Kwa Bujiku pia ilikuwa hivyo. Mahindi ya dume lako yalifika mpaka kwake, na wewe hukuwahi kumkumbusha. Leo tunamkumbusha sisi.

Wakaja wanunuzi binafsi wa pamba na magari yao, mitumba ikajaa Bariadi, watu wakasema siku hizi ni soko huria, kila mtu na lake. Ukawajibu, “Soko liwe huria, foleni ibaki foleni.” Walikucheka. Cheka nao, Baba Kwandu, maana na sisi bado tunachekwa.

Sasa Bujiku ametuma neno. Kwenye karamu ya kumbukumbu yako, anasema, wanaume wa ukoo wapakuliwe kwanza, maini na nundu viwe vyao. La sivyo hatatia mguu hapa, na msimu ujao Milembe asiguse shamba la bondeni. Shamba hilo ndilo linalotulisha. Milembe alilia, hatufichi. Alikaa jikoni, sahani yako iko magotini. Kisha akanawa uso, akajifunga kanga vizuri, akaenda mwenyewe kwa Bujiku.

“Mwangaluka, shemeji,” akamwamkia.

“Mwangaluka. Umeelewa nilichosema?”

“Nimeelewa. Shamba ni la ukoo. Sufuria ni yangu.”

Akageuka akaja zake. Baba Kwandu, laiti ungemwona! Njia nzima alitembea kama yuko kwenye gwaride, na alipofika akaagiza kuni.

Basi kila mtu asikie. Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi, chakula kitapakuliwa kwa utaratibu wako: watoto, akina mama, wageni, kisha wazee. Novatus, sasa ni Meja, ametuma salamu kwamba anakuja na tusimwekee kiti mbele. Shamba likichukuliwa, na lichukuliwe. Tutakodi, tutakula michembe ya viazi vikavu mwaka mzima ikibidi, lakini hapa hakuna mkubwa atakayeshiba kabla ya mtoto.

Sahani yako itakuwa mwisho wa foleni. Hatumnyimi kaka yako heshima yake, asije akasema tumemnyima. Tumemwekea nafasi ya mkuu, ile ile uliyomwonyesha Kapteni. Aje aishike sahani yako. Asipokuja, ataishika Milembe, na kuanzia hapo tutajua mkuu wa boma hili ni nani.

Unakumbukwa na wajukuu zako, na sisi wanao Lucy, Elia na Kwandu, na mkeo Milembe, na kaka yako Bujiku, ambaye jina lake tumeliweka mwisho kwa makusudi.

Daima, kila sufuria ikifika chini, tutakukumbuka wewe.