Vidonge au Sindano

Mbuchi, 11 Februari 1996

Mdogo wangu Waride,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, ila mama kifua kinambana. Wewe na shemeji Tamimu mwaonaje huko Dar? Habari za mimba yako zimefika, nimemshukuru Mungu.

Sasa nisikilize. Yule daktari wako aliponipima alisema mayai yangu hayapevuki, kama yako tu, akanipa vidonge. Miezi mitatu nameza na sioni kitu. Wewe vilipokushinda ulichomwa sindano, ukashika mimba. Mume wangu Mahamudu ameshapeleka posa Mbwara. Anasema hanifukuzi, anaongeza tu. Niandikie sindano hizo zaitwaje.

Dadayo,
Siti

Temeke, 25 Februari 1996

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi nipo, miguu imevimba kidogo. Tamimu anakusalimu, na mama mpe pole.

Dada, usizikimbilie sindano. Vidonge vinaamsha yai moja, pengine mawili, na daktari hukuongezea dozi kidogo kidogo. Wewe hujafika mwisho wake. Sindano zinapevusha mengi kwa mpigo. Mimi nilianzishiwa kiasi kidogo, nikawa napigwa picha ya tumbo kila mara kuangalia mayai, na bado yalizidi. Tumbo lilijaa maji, nikawa nalala nimeketi kwa kukosa pumzi. Nililazwa. Daktari alimwambia Tamimu, "Ungechelewa ungemzika." Sikuwaandikia kwa ajili ya mama.

Mimba ninayo, tena ya pacha. Lakini nikiulizwa leo, nitarudi kwenye vidonge. Njoo ukae kwangu, tumwone daktari pamoja.

Mdogo wako,
Waride

Mbuchi, 17 Machi 1996

Waride,

Salamu. Hatujambo.

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Wewe sindano zimekupa wawili, mimi niendelee na vidonge. Ungenitakia heri ungeniandikia jina la dawa, si hadithi ya tumbo kujaa maji.

Kuja Dar, Mahamudu amekataa. Harusi yake ni baada ya mavuno, na sasa ameshika biashara ya kuvua kamba. Kibiti kuna mtu kafungua zahanati. Siku hizi ukiwa na chumba na kitanda unafungua. Sindano anazo. Nilimuuliza, "Mashine ya picha huna?" Akacheka. "Mama, mayai ni yako, utayasikia mwenyewe."

Nimeshaanza. Usiniandikie kunitisha.

Siti

Temeke, 3 Aprili 1996

Dada,

Shikamoo. Sina nafasi ya salamu nyingi, Huseni wa shangazi anaondoka na basi na nataka aichukue barua hii. Huyo mtu wa Kibiti hawezi kujua mayai yako ni mangapi bila picha. Kuna sindano ya mwisho, ya kuyaachia mayai yatoke kwenye vifuko vyake. Tumbo likiwa limeanza kuvimba, hiyo usikubali, hata akuapie. Mwezi ukipotea utakuja mwingine. Mkojo ukipungua, au ukikosa pumzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nikasirikie, lakini usichomwe.

Mdogo wako,
Waride

Temeke, 18 Agosti 1996

Dada yangu Siti,

Shikamoo. Nimeandika mara tatu, hujajibu. Huseni ndiye aliyenieleza: kwamba kifuko kimoja cha mayai kilijisokota, cha pili kikapasuka, wakakupasua na kuvitoa vyote. Nililia sana. Ningekuja, ila nilikuwa kitandani, daktari kanizuia kusafiri.

Nimejifungua salama, wasichana wawili. Mmoja tumemwita Amal. Wa pili sijampa jina. Nimezungumza na Tamimu, amekubali. Akiacha ziwa nitakuletea, umlee awe wako, na jina umpe wewe. Si mgeni, ni damu yetu.

Nijibu, dada.

Mdogo wako,
Waride

Mbuchi, 8 Septemba 1996

Mdogo wangu Waride,

Marahaba. Hongera ya uzazi. Mama amepona kifua, anatwanga mpunga mwenyewe. Mimi natembea.

Barua yako ya Aprili niliipata. Huseni alikwama Kibiti kwa mafuriko. Alipoifikisha, ile sindano ya mwisho nilikuwa nimeshachomwa. Niliisoma huku siwezi kufunga kanga. Kwa hiyo usijiumize, wewe ulinionya. Mimi nilidhani unaninyima. Yule wa Kibiti ameshafunga, hajulikani alikokwenda.

Bibi harusi wa Mbwara yupo hapa, ana mimba, bila kidonge wala sindano. Ananisalimia vizuri kila asubuhi, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Barua yako ya sasa Mahamudu aliifungua yeye akanisomea, akafurahi. "Waambie wamlete," akasema. "Utapata cha kukushughulisha." Anadhani hapa nimeandika ndiyo.

Nakuandikia hapana. Mtoto asiletwe nyumba hii ili mimi ninyamaze. Mnyonyeshe mwanao na umpe jina mwenyewe, leo hii, asikae bila jina kwa kunisubiri mimi. Siku nitakayoweza kuwatazama wote wawili nitakuja. Siku hiyo bado.

Dadayo,
Siti