Wadudu wa Kwenye Maua ya Mbaazi

Sigino, Babati

Mama Careen,

Natumaini mama yako huko Mbulu ameanza kula. Huku tupo. Tangu Babati iwe makao ya mkoa, viwanja vinapimwa mpaka Maisaka, kelele tu.

Siwezi kukaa ndani. Tangu asubuhi nipo shambani, nakaa, nainuka, nawaangalia wale wadudu wa kijani wenye manyoya mgongoni, wasio na jina. Wamerudi. Mmoja aliingiza kichwa chote kwenye ua la mbaazi, nikasubiri alitafune. Akatoka amejaa vumbi la njano, akaenda ua lingine. Lile la kwanza lilibaki zima, kama ulivyoniambia.

Mimi niliona wanatuharibia. Ulipoondoka nikapiga dawa, tena jua likiwa limeshawaka, nyuki wako wapo kwenye maua. Aliyewaua ni mimi, siyo Sosthenes. Nilikuandikia kwamba ni jirani kwa sababu nilikuogopa.

Sasa umemshtaki kwa barua kwa wazee wa kanisa, nao wamemwita Jumapili. Jana alinisimamisha njiani: "Baba Careen, si unajua sina hata bomba la dawa? Jumapili utanisemea, au utajifanya una mafua?" Akacheka mwenyewe. Nikamwambia asijali, nikashindwa kumtazama.

Jumapili nitasimama nijitaje. Nimetaka wewe usikie kwangu kwanza. Mizinga yote ni mitupu.

Tafadhali usinijibu kabla ya Jumapili. Nikisoma hasira yako, naweza kuogopa tena.

Mumeo anayekuomba radhi,
Herieli