Blanketi la Laker

Kisenyi,
Kampala.
Jumatatu, 21 Aprili 1975

Mpendwa dada Phelister,

Kabla ya yote nikujulie hali. Mgongo wako unaendeleaje na hiyo baridi ya Nakuru? Na kikohozi cha Awuor kiliisha, au bado mnamchemshia tangawizi? Sisi huku tunapumua. Siku hizi mtu akikuambia anapumua usimwulize zaidi, mshukuru Mungu tu.

Laker ameota meno ya chini. Anauma kila kitu, hata kidole cha baba yake. Sabuni imeadimika, sukari ndiyo usiseme, lakini mvua ipo na matoke tunapata.

Usishangae kuona barua haina stempu. Anayekuletea ni Oduor, yule anayeuza spea za magari, anapanda treni kesho. Barua za posta hupita mikono mingi, na haya ninayotaka kukuuliza si ya mikono mingi. Hata hivyo gereza anakofanya kazi mume wangu Okeny silitaji jina. Ukimaliza kusoma, iwashie jiko.

Dada, wewe uliokoka tukiwa bado wasichana, kule kwenye nyumba za reli. Nakumbuka ulivyomrudishia jirani kijiko ulichomwibia ukilia njia nzima, kijiko chenyewe kimepinda, na mimi nyuma yako nakucheka. Leo sicheki. Okeny ameokoka.

Ajabu ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikienda. Kuna mama mmoja Mbuya, mama Aloyo, mjane wa polisi, na waliookoka hukusanyika uani kwake Jumapili mchana. Wanashuhudia mmoja mmoja, wanatubu, wanaimba. Wakimaliza wananigeukia: na wewe Loice, Bwana amekuambia nini? Mimi namtazama Laker. Bwana hajaniambia kitu, dada. Miezi yote hiyo nangoja, nasikia mgongo unauma, basi.

Okeny alikuwa hataki hata kusikia. Akishakunywa waragi anaigiza wanavyolia, mpaka Zulaika jirani yetu anashika mbavu. Sasa Jumapili ya baada ya Pasaka mvua ilinyesha, akaja kutuchukua na mwavuli. Hakuja kwa ajili ya Mungu, alikuja kwa sababu mtoto ataloa. Akajibanza ukutani chini ya bati akingoja tumalize. Mama Aloyo alikuwa anasoma habari za yule mwizi aliyesulubiwa kando ya Yesu. Nikaona bega la Okeny linatikisika. Nikadhani ni baridi.

Akaja mpaka katikati, mwavuli bado umefunguliwa mkononi. Akasema, "Mimi ni mwizi. Nilichukua blanketi la wafungwa nikampelekea mtoto wangu."

Dada yangu, blanketi lenyewe lilikuwa mapajani kwangu, na Laker ndani yake! Watu wote wakageuka kutazama. Sikujua uso niuweke wapi. Na Laker naye, kwa vile ameona watu wengi wanamtazama, akacheka.

Siku aliyoniletea aliniambia ni kuukuu, limetupwa. Nikaamini. Lilikuwa na alama ya gereza pembeni, nikashona ua jekundu juu yake, nikajiona fundi.

Basi waliimba, wakamkumbatia mpaka mwavuli ukavunjika. Baada ya wimbo akasimama ndugu Ochola. Huyu ni Mkenya mwenzetu, makanika wa gereji hapa Kisenyi, mtu mwema lakini maneno yake ni kama nyundo. "Kutubu bila kutengeneza ni kelele tu," akasema. "Kesho, ndugu, lipeleke kwa mkubwa wako, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe." Okeny akajibu, "Amina. Kesho."

Amina! Mwaka huu huu askari mwenzake mmoja aliuliza tu habari za stoo, akaitwa getini asirudi, na mpaka leo mke wake anampigia pasi nguo za kazi. Na Okeny ni Mwacholi. Waacholi waliovaa nguo za serikali siku hizi hawaitwi mara mbili.

Tulipofika nyumbani nikayasema yote.

"Mungu amekupata leo, na kesho anataka mimi niwe mjane?"

"Loice, usimseme Mungu hivyo."

"Sasa nimwulize nani?"

Ukuta wetu ni wa mbao, unajua. Zulaika akapaza sauti kutoka upande wake: "Jirani! Huyo Mungu wenu mkali kuliko afande! Mwambieni asubiri kidogo, hata sisi wengine tunasubiri!" Okeny akacheka bila kupenda. Nami nikapata nafasi. Nikamwambia, "Blanketi hili ni la nani? La mkubwa? Mkubwa ana kitanda. Mpelekee anayelala kwenye simenti." Sikujua kama nimesema la Mungu au la woga wangu. Mpaka sasa sijui.

Asubuhi akalizungusha blanketi kiunoni, akavaa nguo za kazi juu yake. Akatoka ana tumbo kama langu nilipokuwa na Laker. Zulaika akamsindikiza kwa macho: "Afande, unajifungua lini?"

Upande anaolinda yupo mzee mmoja, anaitwa Tarcisio, alikuwa katekista kijijini kwao. Kwa nini aliletwa hapo, hata mwenyewe hajui. Kifua chake kibovu, anakohoa mpaka anashika ukuta. Okeny akamchagua huyo. Akamwambia, "Mzee, chukua, ni zawadi."

Jioni nikaona tumbo linarudi.

Akakaa kitandani akaniambia, "Amekataa." Mzee alipoona blanketi alirudi nyuma mpaka ukutani. "Afande, mimi nimekukosea nini tena? Leo unanipa, kesho unasema nimeiba." Akapiga magoti kumwomba aliondoe. Humo ndani, dada, hakuna mtu anayepewa kitu bure. Ukipewa, ujue unatafutiwa jambo.

Hapo moyo ulinipiga. Maana ndivyo nilivyo mimi kwa mama Aloyo. Wanasema wokovu ni bure, njoo uchukue, na mimi narudi nyuma mpaka ukutani, najiuliza kesho watanidai nini.

Okeny akasema, "Basi imebaki njia ya Ochola."

Nikamshika mkono. "Ulimwambia ni zawadi?"

"Ndiyo."

"Lakini si zawadi, baba Laker. Ni lake. Kamwambie ulivyotuambia sisi."

Akanitazama kama mtu anayenitazama mara ya kwanza. Askari amwambie mfungwa, mimi ni mwizi wako! Mzee akitaka, apige kelele mkubwa asikie, na mambo yameisha. Nilipokwisha kusema nikauogopa mdomo wangu mwenyewe. Lakini hata yeye alikuwa ameshayasikia ndani yake, niliona.

Nikalifumua ua langu, ili ile alama ya gereza ionekane na mzee asije akaulizwa ameletewa na nani. Uzi umetoka, lakini matundu ya sindano yamebaki. Ukitazama vizuri bado unaona ua.

Siku aliyorudi nalo gerezani nilifua nguo moja tangu asubuhi. Nafua, nasuuza, nafua tena. Zulaika akaja na chai isiyo na sukari, akakaa nami kwenye kizingiti. Siku hiyo hakutania. Kila gari likipunguza mwendo barabarani ananishika goti.

Dada, akarudi. Tumbo halipo.

Alimpigia magoti mzee. Okeny, na viatu vyake vya serikali! Akamwambia, "Hili ni lenu, mimi nililiiba, nisamehe." Mzee alimtazama viatu, kisha uso. Okeny anasema macho hayo yalimtisha kuliko mkubwa yeyote. Kisha mzee akanyoosha mkono, akalichukua, akalinusa.

"Linanuka maziwa."

"Mtoto wangu alililalia."

"Anaitwa nani?"

"Laker."

"Sikia, usiende kwa mkubwa. Umelileta kwa mwenyewe, limefika. Huyo mtoto anataka baba."

Okeny akasimama, akatoka. Alipokuwa anafunga mlango mzee akamwita tena. "Afande. Sasa huyo Laker leo atajifunika nini?"

Nimeandika hayo maneno na kalamu imesimama.

Mtu ameibiwa, analala kwenye simenti, kifua kinapasuka, na anauliza mtoto wa mwizi atajifunika nini. Nieleze, dada, wewe uliyesoma Biblia. Hiyo ni nini? Ndugu Ochola anasema neema ni bure, halafu papo hapo anasema Okeny hajamaliza, bado mkubwa hajaambiwa, huo ni wokovu wa nusu. Mama Aloyo nilimwuliza, akalia tu akanishika kichwa. Na mzee mwenyewe ni Mkatoliki wa rozari. Ochola anasema watu wa namna hiyo bado wako gizani. Kama yule yuko gizani, dada, mimi niko wapi?

Nimechanganyikiwa kweli. Okeny waragi hagusi tena. Anaamka anaimba, anaimba vibaya, na mtoto anampenda hivyo hivyo. Lakini kila anapotoka kwenda kazini nahesabu hatua zake mpaka kona. Mungu aliyempata kwa sababu ya mvua, atamlinda? Au alimpata ili amchukue? Nikiwaza hivyo naona nimetukana. Halafu namkumbuka mzee, naona kama Mungu alishajibu kwa mdomo wa mtu mwingine, na mimi ndiye nisiyesikia vizuri.

Kitu kimoja nikuulize, unijibu kwa mkono wa Oduor, usinifiche. Wewe siku ile ulisikia nini? Kwa mama Aloyo kila mtu ana siku yake, anaitaja, hata mvua ya siku hiyo anaikumbuka. Mimi sina siku. Ila tangu Okeny anipe hayo maneno ya mzee, kila nikimfunga Laker kwa leso yangu nasikia kitu kifuani. Si furaha, si woga, ni kama mtu amesogea karibu. Kinakaa kidogo kinakwenda. Ndicho hicho? Au ni uchovu wa kunyonyesha?

Na lile blanketi ulilosema utamtumia Laker akitimiza mwaka, kama hujanunua, usinunue zuri hivyo. Nunua mepesi, ya kawaida, yawe mawili. Okeny anasema anayelala pembeni ya mzee naye hana. Tumbo analo, atapita nalo.

Nisalimie shemeji, baba Awuor, mwambie hasira zake za mwaka juzi nimeshamsamehe, na yeye anisamehe zangu. Msalimie nyanya Dorsila, mpigie kelele sikioni ili asikie kuwa nimezaa na mtoto ana meno. Awuor mbusu mashavu yote mawili. Zulaika pia anakusalimu, ananisomea begani, anasema nikuandikie kwamba yeye bado anasubiri.

Ukipiga magoti, mtaje Okeny, na umtaje mzee Tarcisio. Naye akikuuliza, hata kama ni ndotoni, mwambie Laker anajifunika leso ya mama yake na halii.

Mungu awafunike nyote mlioko kwenye baridi.

Ndimi mdogo wako ambaye moyo wake uko kwako,
Loice, mama Laker