Kamera Ndani ya Kikapu Changu

Jumapili, Julai 1981

Leo jua halikuonekana kabisa Majengo. Baridi imeingia hadi kwenye magodoro, na tangu alasiri nimejifunika shali ya marehemu nyanya nikijifanya nina homa. Sina homa. Nina hasira, tena nina aibu, na sijui ipi inaniuma zaidi.

Wiki tano sijaandika humu. Acha niandike yote kabla sijaanza kujidanganya.

Nilikwenda kusini mwa Sudani. Mimi, fundi cherehani wa hapa Pumwani, ambaye kabla ya hapo nilikuwa sijavuka Thika. Aliyenipeleka ni Wanjiru, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Kwao ni Bahati, mtaa jirani. Sikukuu ya Idi alikuwa akila kwetu, Krismasi mimi nikila kwao, na siku baba yangu alipozikwa ni yeye aliyenishika mkono.

Siku hizi anafanya kazi katika ofisi ndogo mjini inayowapeleka Wazungu mahali ambapo watalii wengine hawafiki. Hawaendi kutazama simba. Wanakwenda kutazama watu, nyumba zao, ngoma zao. Safari hii wageni wanne walitaka kufika kwa Walotuko, wanaojenga vijiji vyao juu ya miamba. Barabara inapita Turkana, ambako ngoroko, wale wezi wa mifugo wenye bunduki, husimamisha magari. Madereva wawili walikataa kwenda. Wa tatu alikubali baada ya kubembelezwa.

Mimi nilitakiwa kwa sababu ya Kinubi, lugha niliyolelewa nayo na nyanya, ambaye ukoo wake ulitoka Sudani. Inasikilizana na Kiarabu cha kule.

"Zai, bila wewe sisi ni mabubu," Wanjiru aliniambia.

Nilijiona mtu.

Kijijini tulipokewa na mjane mmoja aliyeitwa na wote Mama Mariya. Nilipofungua kinywa alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema naongea kama babu yake. Usiku wa kwanza alinipa ngozi yake mwenyewe nilalie, yeye akalala chini.

Siku ya tatu ilikuwa ngoma ya kumuaga mwanawe aliyefariki mwaka uliopita. Wageni waliomba kuiona. Mama Mariya akakubali, kwa sharti moja.

"Msichukue picha," alisema. "Mwanangu nimeshampoteza. Uso wangu nikimlilia, huo ni wangu."

Nilitafsiri neno kwa neno. Wageni wakaitikia kwa vichwa, na Wanjiru pia. Nikampa Mama Mariya mkono, nikamwambia kama kuna atakayevunja ahadi, aniulize mimi.

Wakati wa kuteremka uwanjani Wanjiru aliniomba nimbebee sweta yake kwenye kikapu changu. Nikabeba. Alikaa ubavuni kwangu, kikapu katikati yetu, mkono wake ndani. Nilidhani anaona baridi. Mara moja alikichukua akaenda nacho nyuma ya nyumba, akasema anakwenda msalani. Akarudi. Nami niliendelea kutazama wanawake wakizunguka na ngoma, machozi yakinitoka kwa ajili ya kijana nisiyemjua.

Kijana mmoja ndiye aliyeona kioo kikimeta kati ya ukili. Kikapu changu kilikuwa kimekatwa kwa wembe, tundu la ukubwa wa yai.

Ngoma zikanyamaza. Walikimwaga kikapu mbele ya watu wote, na kamera ikaanguka juu ya sweta. Wanaume wakasimama, wengi wana mikuki, wawili wana bunduki. Mzee wa kijiji akauliza ni ya nani.

Wanjiru aliniinamia. Alizungumza Kiswahili, polepole, kama anavyonisemesha tukiwa sokoni.

"Sema ni yako. Wewe ni kama wao, hawatakudhuru. Wazungu wakiguswa tumekwisha sote."

Nilitazama zile bunduki. Nilimtazama mama mmoja kati ya wale wageni, alikuwa amejificha nyuma ya mwenzake.

"Ni yangu," nikasema, kwa lugha ya nyanya.

Mama Mariya hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa nguo.

Wanjiru akafungua kamera, akatoa filamu, akampa mzee, naye akaitupa motoni. Ikajikunja, ikanuka. Wazee wakaamua wageni waondoke saa ileile, mimi nibaki mpaka aliyetuleta arudi na fahali wa kuwatakasa wafiwa. Wanjiru aliapa atarudi baada ya siku nne. Landirova ilipoteremka alinipungia mkono dirishani, kama mtu anayekwenda dukani.

Nilikaa siku kumi na sita.

Hakuna aliyenipiga. Nilisaga mtama, nilichota maji. Kila jioni Mama Mariya aliniwekea bakuli mbele yangu na kuondoka. Siku ya kumi na tano alikaa.

"Rafiki yako haji," alisema.

Nikamwambia kitu kimoja tu nilichokuwa na hakika nacho: kwamba picha zimeungua, kwamba duniani kote hakuna mtu aliye na uso wake. Kesho yake alikwenda kunisemea kwa wazee, na fahali akasahauliwa. Alinisindikiza mwenyewe hadi kwenye lori la kanisa lililokuwa linarudi Lodwar.

Sasa leo.

Wanjiru alikuja saa nane, na nyama kutoka soko la Burma, imefungwa kwenye gazeti. Alisema ameinunua kwa mchinjaji Mwislamu. Alisema ameinunua kwa mchinjaji Mwislamu. Alinikumbatia, akalia kidogo. Gari liliharibika, alisema. Ofisi ikakataa kumpa lingine. "Lakini nilijua tu utatoka, Zai. Wewe una ulimi."

Nilikuwa karibu kumsamehe. Kweli kabisa. Nilikuwa nimeshaweka maji ya chai.

Kisha akatoa bahasha. Ofisi imepata wageni wanane wa Desemba, wote wanataka kwenda kulekule, na wanataka mkalimani awe mimi. "Wameona hii," akasema, akanipa picha.

Ni Mama Mariya. Mdomo wazi, mikono kichwani, machozi yanang'aa.

"Filamu iliungua," nilisema. "Niliiona kwa macho yangu."

"Ile ilikuwa ya pili, haikuwa na kitu. Ya kwanza nilikuwa nimeshaitia kwenye soksi." Akacheka, kicheko chetu cha shuleni. "Ningekwambia ungeshindwa kuwaambia vizuri. Wewe hujui kudanganya."

Kwa hiyo nilikuwa nimedanganya. Mbele ya mwanamke aliyenilisha siku kumi na sita, nilisema uongo bila kujua, naye akaniachilia kwa sababu ya uongo huo.

Nilimwambia achukue nyama yake aende.

"Zai, ni picha tu! Yule mama hataiona milele."

"Mimi nimeiona," nikasema. Picha sikumrudishia.

Ameondoka akiwa amenuna, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea.

Nimekaa hapa tangu saa tisa nikitafuta ni wapi hasa panaponiuma. Si kuachwa. Hata filamu si yenyewe. Ni lile neno: wewe ni kama wao. Miaka ishirini na tatu nimedhani mimi na Wanjiru ni kama watoto wa nyumba moja. Kumbe alikuwa na hesabu yake, nami nilikuwa upande wa watu wanaoweza kuachwa.

Na mimi je? Nilipojiona mtu, nilijiona mbele ya nani?

Lori la kanisa hupakia mizigo hapa Nairobi kila mwanzo wa mwezi, dereva alinionyesha mahali. Nitapanda. Nitampelekea Mama Mariya picha yake na nimwambie kwamba nyingine ziko Nairobi, na ni nani aliyezipiga. Sijui watanifanya nini. Naogopa.

Sasa hivi mama ameingia chumbani, anauliza mbona Wanjiru ameondoka bila kumuaga. Nimemwambia aketi. Ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, ananingoja nimalize mstari huu.

Nianzie wapi?