Naondoka, na Nyumba Ni Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi! Daraja jipya, kule juu mtoni, mpaka mwakani. Msimamizi hakuuliza mimi ni mke au mume wa mtu. Alinipa vipande viwili vya chuma niviunganishe. Nikachomelea. Akaugonga mshono kwa nyundo, akaugonga tena, akasema: Jumapili gari litakupitia.

Nimerudi nyumbani nikiimba kama mwehu. Kisha nikazitazama kuta. Nyumba namwachia nani?

Namwachia kufuli.

Jumanne, 4 Machi

Habari ina miguu. Sijamaliza chai, shemeji huyo mlangoni — mdogo wake marehemu mume wangu. Hakukaa. Alizunguka vyumba vyote, akafungua kabati, akabonyeza godoro kama anayenunua. Eti nyumba isiyo na mtu huliwa na mchwa. Eti atahamia yeye na wanawe, "kwa muda tu". Eti mjane hafungi nyumba ya ukoo akaenda kulala kambini na wanaume.

Nyumba ya ukoo! Matofali haya tuliyafyatua mimi na mume wangu, wikendi baada ya wikendi, mpaka viganja vikachubuka. Yeye alionekana siku ya kupaua. Alikuja kula.

Nikamwambia asante, shemeji, nitafunga mwenyewe. Akacheka. "Huna mtoto, shemeji. Unamfungia nani?"

Alipotoka nilikaa jikoni, chai ikapoa mpaka ikafanya utando. Kuna maneno hayana jibu, yana kazi tu. Nikaenda kuwasha mashine.

Jumatano, 5 Machi

Grili. Madirisha yote, ya mbele na ya nyuma. Si zile za maua na mapambo ninazowatengenezea wateja — nondo nene, zimesimama wima, na kila kona nimeichomelea mara mbili. Mlango wa nyuma nimeutia komeo la ndani na bawaba mpya.

Jirani yangu mshonaji akachungulia juu ya ukuta. Akauliza, unajenga nyumba au jela? Jela, nikamwambia, ila wafungwa wako nje. Alicheka na pini mdomoni — nusura azimeze!

Mgongo unaniuma. Unaniuma vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kazi za ndani. Friji nimeizima, nimeifuta, mlango wake nimeuacha wazi usiote ukungu. Mtungi wa gesi nimempelekea mshonaji, na mafuta, na vitunguu. Godoro nimelisimamisha mbali na ukuta, maana ukuta ule hutoka jasho wakati wa mvua. Koki ya maji ilinigomea. Nikaitukana, nikaitia mafuta, nikaitukana tena. Ikafunga.

Halafu nguo za mume wangu. Sijawahi kuzigawa. Nimezipanga sandukuni na dawa ya nondo. Ajabu ya lugha yetu: nondo za chuma nazitia madirishani, nondo wa nguo nawafukuza kabatini! Angekuwepo angecheka. Nilicheka peke yangu, kisha ikawa si kicheko tena.

Basi. Sanduku limefungwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mshonaji kaniletea ya mtaani. Shemeji anatangaza anahamia Jumapili. Wanawe wameshagawana vyumba, mkubwa kachukua changu. Na anajisifu ana ufunguo.

Anao kweli! Nimekumbuka — alichukua ule wa mume wangu wakati wa msiba, wa kufungulia wageni. Haukurudi. Na mimi kilio kilinisahaulisha.

Nimeng'oa kitasa cha mbele. Nimetia kipya, na makomeo mawili ya ndani, juu na chini. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini nguo hufuliwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa sakafuni nafunga begi. Mchana kweupe. Nikasikia ufunguo mlangoni. Unaingia, unakwama, unatoka. Unaingia tena. Hakubisha hodi hata moja!

Nikafungua ghafla. Shemeji karibu aniangukie. Hakuona aibu. Akasema kitasa kimeharibika.

"Hakijaharibika, shemeji. Kimebadilishwa."

Akatazama juu, akaona grili. Akatazama mikono yangu. Hapo ndipo uso ulipombadilika. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikishaondoka hakuna chuma kisichovunjika, na hakuna jirani atakayeingilia mambo ya ndugu.

Nilifunga mlango taratibu. Kisha nikakaa palepale juu ya begi. Naogopa. Nimeandika. Naogopa — na bado naenda.

Jumapili, 9 Machi

Naandikia jikoni, nimesimama. Gari la kazini limefika. Shemeji naye kafika na mkokoteni: kitanda, masufuria, wanawe. Ameshusha kitanda mbele ya mlango wangu na kukikalia. Anasubiri niende tu.

Na kamleta mama mkwe, ili niaibike.

Mama mkwe, ambaye toka niolewe hajapata kuniita mwanangu. Alishuka kwenye mkokoteni polepole, akapita pembeni ya kitanda, akasema anaingia msalani. Nikampisha. Alipokwisha kuingia, akalisukuma komeo mwenyewe! Shemeji huko nje: "Mama? Mama!"

Akaketi. Akasema: "Nenda kazini. Nitakaa mimi."

Nikamuuliza, akigonga mwanao usiku wa mvua, hutamfungulia?

Akavitazama viganja vyake. "Nikikuambia sitafungua, nitakuwa nakudanganya. Ni mwanangu. Lakini kwake nalala sebuleni, wakizima taa ndipo natandika. Hii nyumba mliijenga wewe na mwanangu mwingine, nawe niliona ukibeba zege. Sikusema. Nipe ufunguo, nijaribu kusema."

Nijaribu! Nikiondoka na ufunguo, nyumba tupu, shemeji atavunja. Nikimpa mama, pengine hatavunja. Pengine atabisha hodi tu.

Honi. Dereva anapiga kelele kwamba daraja halimngoji mtu. Shemeji anapiga mlango kwa ngumi, kitasa kimekaa imara. Mama mkwe amenyoosha mkono. Haurudishi.

Begi liko begani. Ufunguo nimemtia kiganjani, nikamwambia: mama, sikia, komeo la chini ni zito, linasukumwa kwa mguu. Njoo nikuoneshe —