Mti wa Meskel umeangukia mlangoni kwetu

Wubit, upo? Kitu cha kwanza nilichoona ni maua. Yale ya njano tuliyofunga juu ya mti wa moto wa Meskel, sikukuu ya Msalaba, yote yamelalia upande wa nyumba yetu.

Upepo gani ule wa mlimani! Kuni zikashika, mti ukaangukia mlangoni kwetu. Mlangoni kwetu, Wubit, na unajua wanavyosema, unapoangukia ndipo bahati ya mwaka inaposomwa!

Na mama yake Dagne alikuja leo kuniposa kwa ajili ya mwanawe. Akasema, "Mkosi wa mwaka umejionyesha unapokaa."

Kasisi akamwambia, "Ni upepo tu, dada."

"Na upepo kautuma nani, baba?"

Watu wakacheka. Mama yake akaondoka, Dagne akamfuata. Hakugeuka.

Posa imekufa. Sijamwambia mtu, hata yeye: nampenda. Nilitaka kumkimbilia nimwambie, nikabaki kufagia majivu.